Vibunda Visivyofunguliwa

Mzee hufa, matanga huanuliwa, na sanduku lake hufunguliwa mbele ya jamaa. Chini ya kanzu na hati za shamba hukutwa vibunda vya sarafu: fedha za zamani zilizopangwa moja juu ya moja, zikaviringishiwa karatasi ngumu, na karatasi ikakunjwa ncha zote mbili. Pengine limo na tungo la senti zenye tundu katikati, zimepitishwa uzi mmoja kama shanga. Hapo ndipo ubishi huanza. Wa kwanza husema vibunda visiguswe, maana ni kazi ya mkono wa marehemu. Wa pili husema viuzwe vivyo hivyo kwa mizani, maana fedha ni fedha. Wa tatu husema vipasuliwe upesi, maana huenda imo sarafu moja ya kununulia nyumba. Mara nyingi ubishi huo haukatwi. Sanduku hufungwa tena, na miaka hupita juu yake.

Katika maneno hayo matatu, la kwanza ndilo husifiwa zaidi, na ndilo lenye madhara zaidi. Husifiwa kwa kuwa limevaa vazi la adabu. Hudhuru kwa kuwa hufanya kutojua kuhesabiwe wema. Insha hii inashika upande mwingine. Inadai kwamba mrithi ana wajibu wa kuvifungua vibunda, kimoja kimoja, na kuzitazama sarafu zote, moja baada ya moja. Kwamba wajibu huo hautegemei tumaini la kupata mali. Na kwamba mtu anayekataa kuutimiza hakai kando ya jambo hata kidogo. Amekwisha kuamua, na uamuzi wake unawahusu watu wengi kuliko yeye.

Na itazamwe kwanza hoja ya heshima. Kibunda hakikuota chenyewe. Kilifungwa na mkono uliohesabu. Mtu aliyezipanga shilingi 20 katika karatasi alikuwa akitimiza hesabu ya pauni moja, na karatasi ilikuwa shahidi wake kwamba hesabu imetimia. Alifunga ili ajue alicho nacho. Hakufunga ili watoto wake wasijue. Basi anayeogopa kuzihesabu tena kwa kisingizio cha kumheshimu mzee hukataa kufanya jambo lile lile alilolifanya mzee. Mwana hamheshimu baba yake mkulima kwa kuliacha shamba liwe pori kwa sababu jembe la mwisho lililoligusa lilikuwa la baba.

Juu ya hayo iko haki. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo hushikwa na watu wengi wa pwani, haianzi na kugawa. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Kisha hulipwa madeni ya marehemu. Kisha hutimizwa wasia usiozidi theluthi ya mali. Ndipo warithi hupata mafungu yao, mjane lake, mama lake, mwana lake na binti lake. Hatua hizo zote zinangoja jambo moja litangulie, nalo ni kujulikana kwa kiasi. Mali isiyojulikana kiasi chake hailipi deni, haitimizi wasia, wala haigawanyiki. Anayesema vibunda visiguswe husema, apende asipende, kwamba deni la marehemu lisubiri na fungu la mjane lisubiri.

Wala si vibaya kuuliza ni nani aghalabu husema hivyo. Aghalabu ni yule aliyeshika ufunguo. Mjane hana ufunguo. Binti aliyeolewa mji mwingine hana ufunguo, naye huona haya kuuliza habari za sanduku la baba yake asije akaambiwa ana tamaa. Baada ya miaka kumi hakuna akumbukaye vibunda vilikuwa vingapi. Baada ya ishirini, kilichobaki ni usemi tu kwamba mzee aliacha kitu. Heshima ya namna hiyo haimfai maiti, aliyekwisha kutoka katika haja ya dunia. Humfaa mtu mmoja aliye hai, na huwapunja wengine walio hai pia.

Hoja ya pili, ya kuuza bila kufungua, ina sauti ya akili zaidi, maana hutaja mizani na bei. Lakini ni hoja inayotegemea neno moja la Kiswahili lenye maana mbili. Fedha ni madini meupe, na fedha ni chombo cha kununulia. Lugha imeziunganisha kwa kuwa zamani zilikuwa kitu kimoja. Katika vibunda si kitu kimoja. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyotolewa tangu 1921 hata 1946 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 7.8, na robo yake tu ndiyo fedha halisi. Kibunda cha shilingi 20 za namna hiyo huzidi kidogo gramu 155, na fedha iliyomo ni gramu 39 hivi. Rupia ya India, iliyotangulia shilingi katika nchi hizi, ilikuwa na gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi ilikuwa fedha. Rupia ya Wadachi iliyoanza 1890 ilifuata uzito huo huo. Rupia 20 zina fedha karibu gramu 214, yaani zaidi ya mara tano ya ile ya shilingi 20. Na shilingi zilizotolewa tangu 1948 hazina fedha hata chembe: ni shaba iliyochanganywa na nikeli.

Kwa hiyo vibunda vitatu vilivyosimama kando kwa kando, vyote vikiwa na karatasi iliyogeuka rangi ya chai, vyaweza kuwa na gramu 214 za fedha, au gramu 39, au kutokuwa na kitu. Mwenye mizani hujua jambo hili. Yeye hanunui alichouziwa; hununua tofauti baina ya anachokijua yeye na asichokijua muuzaji. Mrithi asemaye fedha ni fedha amempa mwenziwe faida hiyo bure, kisha hurudi nyumbani akijisifu kuwa hakusumbuka.

Katika nchi ya Marekani mambo haya yamefika mbali zaidi, na ni vyema yatazamwe, maana yanaonyesha mwisho wa njia. Huko benki zimezoea kufunga sarafu katika karatasi kwa idadi maalumu: senti 50 katika kibunda kimoja, robo dola 40 katika kingine. Sheria ya sarafu ya 1965 ilipoondoa fedha katika robo dola na katika sarafu ya senti kumi, watu walianza kuvichambua vibunda wakitafuta sarafu za 1964 na za kabla yake. Hapo kutojua kukapata bei sokoni. Wako wauzaji wanaotangaza vibunda ambavyo, kwa maneno yao, havijachambuliwa, na wanunuzi hulipa zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Hila yao moja imekuwa maarufu: sarafu ya zamani sana huwekwa kwenye ncha ya kibunda ili ionekane, na katikati hujazwa sarafu za kawaida ambazo zimekwisha kupita mikononi mwa mchambuzi. Karatasi iliyokunjwa vizuri si ushahidi kwamba haikupata kukunjuliwa. Anayenunua kibunda kwa kuwa kimefungwa, na anayekiacha kwa kuwa kimefungwa, wote wawili wameiamini karatasi.

Sasa na aje wa tatu, mpekuzi wa hazina, ambaye kwa mtazamo wa juu juu ni rafiki wa hoja hii. Yeye hufungua. Lakini kupekua si kuchambua. Mpekuzi amesikia habari za Tabora. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wadachi walipokuwa hawana njia ya kuletewa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu zao wenyewe katika mji huo: za heller 5 na 20 za madini duni, na rupia 15 ya dhahabu yenye sura ya tembo. Tembo huyo humnyima mpekuzi usingizi. Huchana karatasi, humwaga sarafu mkekani, hutazama kama kuna inayong'aa kwa rangi ya dhahabu, na asipoiona hukasirika kana kwamba marehemu amemdanganya. Kisha huchukua ndimu na majivu na kuzisugua zile zilizobaki ili zipendeze machoni mwa mnunuzi. Na kwa kusugua huko huondoa ngozi ya sarafu, akapunguza hata ile bei ndogo iliyokuwa nayo.

Lazima ukweli usemwe: mpekuzi akikata tamaa, mara nyingi ana sababu. Vibunda vingi havina sarafu adimu. Aliyevifunga alikuwa akiweka akiba ya fedha iliyokuwa ikitumika, na fedha inayotumika ni ile iliyotolewa kwa wingi. Hoja yoyote ya kufungua inayotegemea tumaini la kupata tembo wa Tabora ni hoja ya kamari, na itaanguka mara kibunda cha kwanza kitakapokuwa na senti tupu. Hoja ya insha hii haiwezi kuanguka hivyo, kwa kuwa senti tupu ndizo inazozitetea.

Na uchukuliwe mfano wa senti 10. Sarafu hii ya Afrika ya Mashariki ilianza kutolewa 1921, ikiwa na pembe za ndovu kuzunguka tundu. Zimo zenye jina la Mfalme George V. Zimo za 1936 zenye jina la Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hajavishwa taji. Watu wa Uingereza hawakupata kutumia sarafu yenye sura yake. Lakini senti za huku, kwa kuwa zilikuwa na tundu na hazikuwa na nafasi ya uso, ziliandikwa jina tu, zikatolewa, zikaenda masokoni. Zilitolewa nyingi na bei yake ni ndogo, ndiyo maana mpekuzi huzitupa. Lakini mchuuzi wa samaki aliyekuwa nayo katika pindo la msuli wake alishika kitu ambacho mchuuzi mwenziwe wa London hakukishika: jina la mfalme huyo katika fedha ya kununulia mahitaji ya siku.

Baadaye zikaja za George VI, na hapo mchambuzi mwenye subira huona jambo lingine. Sarafu za kwanza za mfalme huyo humwita pia mtawala mkuu wa India, kwa herufi za Kilatini zilizofupishwa. India ilipata uhuru 1947. Katika shilingi za 1948, na katika senti zilizofuata, herufi hizo hazimo tena. Dola kubwa ilipungua, na habari hiyo ikapigwa kimya kimya katika sarafu iliyotumika Mombasa na Mwanza. Kisha ikaja ya Elizabeth II. Mwisho kabisa, mwaka 1964, zikatolewa senti 5 na 10 zisizo na jina la mfalme wala malkia, zenye jina la Afrika ya Mashariki peke yake, hata nchi hizi zilipotoa sarafu zao wenyewe 1966. Tungo moja la senti 10, lisilotosha kununua nauli ya mjini, laweza kuwa na wafalme watatu, malkia mmoja, na mwisho pasiwe na mtawala wa ng'ambo kabisa. Ni kitabu gani cha shule kinachosema hayo kwa ufupi namna hiyo, na kwa mkono wa mtu wa nyumbani?

Lakini kibunda hakisemi habari za watawala tu. Husema habari za aliyekifunga, na haya hayapatikani katika kitabu chochote. Sarafu yenye mwaka wa karibuni kuliko zote katika kibunda huonyesha kwamba hakikufungwa kabla ya mwaka huo. Ikiwa vibunda vyote vinakoma 1936, kuna swali: ni jambo gani lilimfanya mzee aache kuweka? Ikiwa kibunda cha rupia kimo pamoja na vya shilingi, kuna swali kubwa zaidi. Kati ya 1920 na 1922 fedha ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilibadilishwa kwa haraka. Rupia ilifuatwa na florini katika sehemu kubwa, na shilingi ikazishinda zote. Aliyeendelea kuzihifadhi rupia huenda alichelewa kupata habari, au alizipata na asiziamini. Jibu halimo katika rupia moja iliyookotwa. Laweza kuwamo katika mpangilio wa rupia zote, katika karatasi iliyozifunga, na katika maandishi ya kalamu ya risasi juu ya karatasi hiyo, ikiwa hakuna aliyeichana.

Msomi atauliza kama mambo haya ya senti za jana yana uzito katika elimu. Na ajibiwe kwa sarafu za Kilwa. Hizo zina maandishi ya Kiarabu pande mbili: upande mmoja hutaja kumtegemea Mungu, wa pili humtaja mtawala, na maneno ya pande hizo mbili hufungana kwa kina. Pwani hii ilipiga sarafu zenye vina. Lakini haikuzitia mwaka. Kwa sababu hiyo sarafu moja ya Kilwa, ikiwa peke yake mkononi, haiwezi kusema ni ya lini. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2000, za namna hiyo hiyo isiyo na mwaka, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Dinari zina tarehe. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dinari zilizisemea zile zisizoweza kujisemea, na majina ya watawala wa pwani yakapata mahali pake katika karne ya 11. Kama mtu angaliiona hazina hiyo kwanza, akachukua dhahabu na kuzitawanya fedha, elimu hiyo isingalikuwapo, ingawa kila sarafu ingalikuwa salama mahali fulani duniani.

Na kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, aliyewekwa katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Aliziweka katika kopo, na hazikupelekwa kutambuliwa mpaka 1979. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Tangu hapo wataalamu hawajaafikiana zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi. Jambo moja humfaa askari huyo: alikuwa ametia alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na bila alama hiyo kusingalikuwa hata na la kubishania. Jambo moja humlaumu: miaka 35 katika kopo. Lakini ni nani katika pwani hii mwenye haki ya kumcheka? Makopo ya namna hiyo yamo katika nyumba za hapa, na alama za ramani hazimo.

Imebaki pingamizi moja, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana hutoka kwa watu wa elimu. Husema: ikiwa mpangilio ni ushahidi, basi kufungua ni kuharibu ushahidi, vibunda viachwe hata aje mtaalamu. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kibunda hufunguliwa mara moja tu. Lakini mtaalamu hawezi kuja katika nyumba asiyojua kwamba ina sanduku, na hakuna atakayemwambia habari za sanduku ambalo wenyewe wameapa kutolitazama. Wakati akingojwa, karatasi huliwa na mchwa, unyevu wa bahari huzigandisha senti, na mzee wa mwisho anayekumbuka duka la marehemu lilikuwa mtaa gani hufa. Kungoja nako huharibu. Tofauti ni kwamba uharibifu wa kungoja hauna mtu wa kulaumiwa, na kwa hiyo hupendwa.

Dawa ya pingamizi hilo ni namna ya kufungua, wala namna hiyo haihitaji shahada. Na waitwe warithi wote, mjane na mabinti wakiwamo, wakae mkekani. Kitandikwe kitambaa safi. Vibunda vipewe namba kabla havijaguswa. Kimoja kifunguliwe kwa kukunjua ncha, si kwa kuchana; sarafu zitolewe kwa zamu, na mmoja asome mwaka, jina na thamani, mwingine aandike katika daftari kwa mfuatano ule ule zilivyokuwa. Karatasi ihifadhiwe pamoja na sarafu zake. Sarafu zisioshwe, zisisuguliwe. Tungo lisomwe likiwa bado katika uzi wake. Mzee aliyepo aulizwe anakumbuka nini, na neno lake liandikwe chini ya hesabu. Kazi hiyo ikiisha, warithi wako huru kuuza, kugawana au kuweka; lakini sasa watauza wakijua, watagawana kwa haki, na daftari litabaki hata kama sarafu zitakwenda.

Wanafunzi wanaosoma historia ya pwani hulalamika kwamba imeandikwa na wageni kwa karatasi zilizohifadhiwa ng'ambo. Lalamiko hilo lina haki. Lakini lina haki pungufu katika kinywa cha mtu ambaye nyumbani kwao kuna kumbukumbu iliyopangwa na babu yake mwenyewe, kwa mkono wake, kwa idadi kamili, naye hajapata kukunjua ncha moja ya karatasi. Mgeni hakumzuia. Kilichomzuia ni adabu iliyokosea njia, au uvivu, au ndugu mwenye ufunguo. Yote matatu yanaweza kushindwa kwa alasiri moja, mkeka mmoja na daftari moja. Na mtu wa kwanza kupewa kalamu afadhali awe yule binti aliyeona haya kuuliza.